Je, Wajua? Mbwa mgeni nyumbani

Je, wajua kwamba mbwa mkubwa anayehamia kwa familia mpya anaweza kujificha siku kadhaa na kugusa chakula kidogo tu, ilhali haumwi? Ni hofu. Dodoma, ambako nyua mpya zimeongezeka tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016, si ajabu kupokea mbwa wa ulinzi kutoka kijijini. Mbwa aliyekulia kwenye boma la Kigogo, akilala nje na mifugo na kubwekea fisi, hajui geti, bodaboda wala mtoto wa miaka mitatu anayemkumbatia shingoni.

Mpe kona yake yenye kivuli na maji, hasa Oktoba jua linapochoma: mbwa hupoza mwili kwa kuhema zaidi kuliko kutoka jasho. Mtoto asimguse akila au akilala, wala wasiachwe wawili peke yao.

Chanjo ya kichaa cha mbwa isisubiri azoee. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa huchangia hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na kati ya watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Aking'ata, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.