Mfumo wa usimamizi wa rasilimali za taasisi

Mfumo wa usimamizi wa rasilimali za taasisi (kifupi cha kimataifa: ERP) ni programu ya kompyuta inayounganisha kazi mbalimbali za taasisi moja, kama vile uhasibu, bajeti, manunuzi, stoo na mishahara, katika hifadhidata moja. Taarifa huingizwa mara moja tu, kisha kila idara huitumia kadiri ya ruhusa iliyopewa.

Historia

Mifumo hii ilitokana na programu za kupanga mahitaji ya malighafi viwandani zilizoanza katika miaka ya 1960. Kampuni ya SAP ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972. Jina ERP lilianza kutumiwa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990.

Nchini Tanzania, Serikali ilianza kutumia mfumo funganishi wa usimamizi wa fedha mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa programu ya Platinum, ambayo baadaye ilijulikana kama Epicor. Halmashauri nazo ziliutumia Epicor, zikiunganishwa na seva kuu iliyopo Dodoma. Baadaye mfumo huo ulirithiwa na MUSE (Mfumo wa Ulipaji Serikalini), uliotengenezwa na wataalamu wa ndani ya nchi. Mkoa wa Ruvuma, ambao makao makuu yake ni Songea, una halmashauri nane, zikiwemo Manispaa ya Songea, Songea, Madaba na Namtumbo.

Usanidi

Kabla ya kutumika, mfumo husanidiwa kulingana na muundo wa taasisi. Mambo makuu ni haya:
* Orodha ya akaunti: kila mapato na matumizi hupewa namba yake. Namba ikikosewa, fedha za dawa zinaweza kuonekana kama fedha za mafuta ya magari, na taarifa ya mwisho wa mwaka haitakuwa sahihi.
* Kipindi cha hesabu: mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni.
* Ruhusa za watumiaji: anayeandaa hati ya malipo hapaswi kuwa ndiye anayeiidhinisha.

Utunzaji

Msimamizi wa mfumo huondoa akaunti za watumishi waliohama au kustaafu, huweka masahihisho ya programu na hukagua nafasi iliyobaki kwenye diski. Masahihisho hujaribiwa kwanza kwenye nakala ya majaribio kabla ya kuwekwa kwenye mfumo unaotumika.

Umeme ni sehemu ya utunzaji. Hadi mwaka 2018 mji wa Songea ulitegemea kwa sehemu kubwa jenereta za dizeli. Mwaka huo njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako iliuunganisha na gridi ya taifa. Hata hivyo umeme wa gridi nao hukatika. Seva ikizimika ghafla wakati wa kuandika, hifadhidata inaweza kuharibika. Ndiyo maana huwekewa betri za akiba zinazoipa muda wa kuzimwa kwa utaratibu.

Nakala rudufu na urejeshaji wa data

Nakala rudufu ni nakala ya data inayowekwa kando kwa ajili ya dharura. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuwa na nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Nakala iliyowekwa chumba kimoja na seva huungua pamoja nayo.

Kwa mfano, tuseme ofisi moja mjini Songea huchukua nakala kila siku saa 6 usiku, na diski ya seva inaharibika saa 9 alasiri. Ikirejesha nakala hiyo peke yake, kazi yote ya siku ile inapotea na lazima iingizwe upya kutoka kwenye hati za karatasi. Lakini kama kumbukumbu ya miamala ilikuwa ikinakiliwa kila baada ya dakika 15 kwenye kifaa kingine, upotevu hauzidi dakika 15.

Kwa hiyo kila taasisi hujiuliza maswali mawili: inaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani, na inaweza kukaa bila mfumo kwa muda gani? Majibu ndiyo huamua gharama.

Nakala isiyowahi kujaribiwa haiaminiki. Jaribio hufanyika kwa kuirejesha kwenye kompyuta nyingine, kisha kulinganisha jumla za hesabu na salio la benki. Baada ya urejeshaji halisi, malipo yaliyokwisha kutumwa benki hukaguliwa kwanza, ili mtu asilipwe mara mbili.

Sheria

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inasimamia mifumo ya TEHAMA ya taasisi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi kulinda taarifa za watu zisipotee wala kufikiwa na wasiohusika. Kwa sababu hiyo nakala rudufu yenye mishahara ya watumishi inahitaji ulinzi sawa na mfumo wenyewe.