Shufwa na Witiri katika Pembetatu ya Pascal: Utangulizi

Kama unajua kujumlisha, nyenzo za kuanzia unazo. Andika 1 juu ya karatasi, na chini yake 1 1. Kila safu inayofuata huanza na kuishia na 1, na kila namba ya katikati ni jumla ya zile mbili zilizo juu yake: 1 2 1, kisha 1 3 3 1, kisha 1 4 6 4 1. Hii ndiyo pembetatu ya Pascal. Kitabu cha Mfaransa Blaise Pascal juu yake kilichapishwa mwaka 1665, ingawa al-Karaji wa Baghdad na Yang Hui wa China waliifahamu karne nyingi kabla yake.

Namba hizi huhesabu njia za kuteua vitu bila kujali nani ametangulia. Ile 6 hapo juu inakwambia kwamba katika watu wanne, wawili wanaweza kuteuliwa kwa njia sita. Jambo moja huwatatiza wengi: safu huhesabiwa kuanzia 0. Ile 1 ya juu kabisa ni safu ya 0, na 1 4 6 4 1 ni safu ya 4. Lizoee mapema, maana yote yanayofuata yanalitegemea.

Sasa tuulize: namba ipi ni shufwa, yaani hugawanyika kwa mbili bila baki, na ipi ni witiri, yaani hubakiza moja? Huna haja ya kuzijua namba zenyewe. Witiri mbili zikijumlishwa huzaa shufwa, na shufwa mbili vilevile. Shufwa na witiri huzaa witiri. Basi tia nukta penye witiri, acha wazi penye shufwa, na uendelee kushuka.

Tua kwenye safu ya 3: zote ni witiri. Kwa hiyo safu ya 4 ni shufwa tupu isipokuwa ncha zake mbili. Kila ncha huanzisha pembetatu yake ya nukta, nakala kamili ya safu za 0 hadi 3, na nakala hizo hushuka bila kuingiliana hadi zinapoijaza safu ya 7. Ndiyo maana safu ya 8 inabaki tena na witiri nchani tu, na nakala mbili kubwa zaidi huanza. Kwangu mimi, uzuri wa somo zima umekaa hapa.

Safu ya 5, ambayo ni 4 + 1, lazima basi iwe na witiri mara mbili ya zile za safu ya 1: nne. Hakikisha: 1 5 10 10 5 1. Chukua safu ya 100, ambayo namba yake ya katikati ina tarakimu 30. 100 ni 64 + 32 + 4, vipande vitatu ambavyo kila kimoja hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 mara kadhaa. Anza na 1, uizidishe kwa 2 mara tatu, mara moja kwa kila kipande: witiri 8 tu kati ya namba 101! Kanuni hii aliieleza Mwingereza James Glaisher mwaka 1899.

Mkono ukishazoea, ingia katika pembetatu ya Stirling, inayohesabu njia za kugawa vitu katika makundi. Humo, namba ya juu kulia huzidishwa kwanza kwa nafasi unayoijaza, ukihesabu 1, 2, 3 kutoka kushoto, ndipo ijumlishwe na ya juu kushoto. Hivyo 1 7 6 1 huzaa 1 15 25 10 1. Penye nafasi ya shufwa, ya kulia hugeuka shufwa daima, na ya kushoto peke yake ndiyo huamua wapi pa kutia nukta.