Kabla ya mashine, klampu

Msumari ni klampu ya fundi asiye na klampu. Katika karakana ndogo za samani, iwe Keko jijini Dar es Salaam au kandokando ya barabara kuu ya mji wowote wa mkoani, kazi hufungwa hivi: ulimi unapakwa gundi, unaingizwa kwenye tundu, kisha msumari mmoja au miwili inapigiliwa kwa mshazari ili kiungo kisiachie. Jioni kiti kinapigwa msasa. Zikipita mvua mbili na kiangazi kimoja, mguu unaanza kucheza, na mteja anasema mbao za siku hizi hazifai. Mbao haina kosa. Gundi haikubanwa.

Mafundi wengi wenye akiba kidogo huwazia mashine: randa ya umeme, ruta, msumeno wa meza. Hamu hiyo ina sababu, kwani mashine inaokoa mgongo na inavuta wateja. Ila mashine kazi yake ni kuandaa ubao. Kinachofanya mbao nne ziwe meza moja ni gundi iliyobanwa sawasawa mpaka ikashika. Akinijia seremala anayechagua kati ya mashine ya pili na seti ya klampu nzuri, nitamwambia anunue klampu bila kusita.

Gundi nyeupe tunayoitumia karibu kila mahali ni polivinili asetati, kitu alichokigundua Mjerumani Fritz Klatte mwaka 1912. Ni gundi ya maji. Maji yanapozama kwenye mbao na kukauka hewani, inabaki plastiki iliyojishika kwenye nyuzi za pande zote mbili. Tabaka lake likiwa jembamba, kiungo cha ukingo kwa ukingo huwa na nguvu kuliko mbao yenyewe. Ukikipiga kwa nyundo, utapasuka ubao na kiungo kitabaki. Likiwa nene, halina nguvu yoyote ya maana, kwa sababu gundi hii haijui kuziba pengo. Mafundi wa zamani waliotumia gundi ya moto ya ngozi na mifupa waliweza kusugua kingo mbili pamoja na kuziacha, maana ile ilikuwa ikipoa inavuta yenyewe. Mazoea yale hayaifai gundi ya leo.

Basi ibanwe kwa nguvu kiasi gani? Viwango vinavyotajwa na watengenezaji wa gundi ni kama kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita ya mraba kwa mbao laini mfano wa paini, na kilo 12 hadi 17 kwa mbao ngumu. Piga hesabu ya meza ya kulia ya mninga yenye urefu wa sentimita 180 na unene wa sentimita 2.5. Ukingo mmoja una sentimita za mraba 450. Kwa kilo 12 tu, unahitaji zaidi ya tani 5. Klampu ndefu iliyo imara, ikikazwa na mkono wa mtu mzima, inatoa nusu tani hivi. Ukiwa nazo mbili hujafika hata robo ya njia. Ni kweli kwamba ukingo ulionyooka vizuri hushika hata kwa mkazo ulio chini ya hapo, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini meza iliyofungwa kwa kamba mbili za katani hufunguka mstari wa katikati.

Idadi inapatikana kwa njia nyepesi. Nguvu ya klampu haisukumi kwenye nukta moja, inatanuka ndani ya ubao kwa pembe ya nyuzi 45 kila upande. Ubao wa pembeni ukiwa na upana wa sentimita 15, klampu moja inalinda sentimita 30 za mstari wa gundi. Meza yetu ya sentimita 180 inataka klampu sita. Ukiwa na mbao nyembamba za sentimita 7, idadi inaongezeka maradufu, au uweke kipande kinene cha mbao kati ya taya na kazi ili kitawanye nguvu. Wengi hukidharau kipande hicho, nao hushangaa kuona ukingo wa mninga una alama za meno ya chuma.

Uchaguzi wenyewe sasa. Anza na kazi unayouza. Karakana nyingi ndogo za hapa kwetu hula kwa milango, meza, vitanda na makabati, na zote hizo zinataka klampu ndefu. Ndipo pesa ya kwanza iende. Dukani utakuta za aina mbili. Moja ni ya reli, ile ambayo mafundi wengi huiita sashi: taya moja inatembea na kufungwa kwa pini kwenye matundu ya reli, nyingine inasukumwa na hesi. Ya pili ni vichwa viwili vya chuma vinavyouzwa bila reli, unavivalisha kwenye bomba la maji la inchi 3/4. Kwa anayeanza, ya bomba naiona ndiyo yenye akili zaidi. Bomba linapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Leo unalikata sentimita 90 kwa kabati. Kesho unavihamishia vichwa vilevile kwenye bomba la mita 2 kwa mlango mpana wa geti la mbao. Udhaifu wake ni kwamba bomba hupinda ukikaza kupita kiasi, nalo likipinda linaibeba meza yako. Dawa ni kupanga klampu moja juu, inayofuata chini, kwa zamu, ili mvuto wa huku uusawazishe wa kule.

Zipo pia sashi zinazochomelewa na mafundi wetu wa vyuma, za bomba la mraba au chuma cha pembe. Nyingine ni nzuri sana, na ningependa pesa hiyo ibaki mtaani. Lakini ukiagiza, simamia mambo mawili. Hesi isiwe fimbo ya kawaida ya kufungia nati za ujenzi, ambayo meno yake membamba yanalika haraka. Omba hesi ya meno mapana ya mraba, hata kama itabidi itolewe kwenye jeki au jiliwa kuukuu. Na taya iwe na bamba la kuikinga isilale nyuma. Taya inayolala inakamata ukingo wa juu tu wa ubao, sehemu ya chini inabaki wazi, nawe huoni mpaka umegeuza meza.

Klampu ya herufi F inafuata. Mkono wake unateleza juu ya reli na kujishika kwa msuguano, kwa hiyo ni ya haraka, na kwa fremu ndogo, droo na kushikilia kazi mezani haina mpinzani. Isipojishika vizuri, mafundi wenye uzoefu huifuta reli na kuipaka chaki. Mafuta ni ya hesi peke yake. Yakigusa reli, klampu itakuachia katikati ya kazi. Ya herufi G ni fupi na ina nguvu kubwa, tena haichezi. Mbili au tatu zinatosha. Zile za plastiki za kubana kama pini ya nguo usizihesabu kabisa kama klampu za gundi. Zipo pia zenye taya mbili zinazobaki sambamba wakati wote, kama wanazotengeneza Bessey wa Ujerumani. Ni tamu kutumia kwa makabati, bei yake ni kali, na karakana inaweza kuishi miaka bila hizo.

Dukani, usiridhike na rangi. Shika reli mbele ya jicho moja na uitazame kwa urefu wake, kama unavyotazama ubao kuona umenyooka. Zungusha hesi mpaka mwisho: isikwame mahali, na isichezecheze kwenye nyumba yake. Kisha bana kipande cha mbao, kaza kwa nguvu zako, na angalia taya. Zikitanuka kama mdomo unaofunguka, irudishe. Chuma cha kusubu chenye vitundu vidogo usoni kinavunjika ghafla bila kuonya, na kinapovunjika chini ya mkazo huo kinaweza kumjeruhi aliyekishika. Klampu iliyotumika yenye kutu ya juujuu si ya kuogopa, kutu inasuguliwa. Meno ya hesi yaliyolika hayarudi.

Asiye na pesa kabisa asikate tamaa, maana ubunifu wa karakana zetu katika hili ni mkubwa kuliko tunavyoutambua. Ubao mnene wenye vizuizi viwili vilivyofungwa kwa bolti, na kabari mbili zinazopishana, ni klampu kamili. Kabari ya mti mgumu ikipigwa nyundo inakaza sana. Utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli unazunguka miguu ya stuli iliyopinda ambapo hakuna taya ya chuma inayokaa. Kamba iliyozungushwa mara mbili kwenye fremu ya kiti na kusokotwa kwa kijiti inabana pande zote nne kwa pamoja. Na kwa mlango mzito, toboa tundu la kigingi kwenye ulimi, likikaribia bega kwa milimita 1 au 2 kuliko tundu la nje. Kigingi cha mti mgumu kinapopigwa kinauvuta ulimi ndani, na kitaendelea kuushika miaka yote ya mlango huo. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Kuna mambo mawili ambayo klampu haiyafanyi. Haiponyi ukingo uliorandwa vibaya, wala haikaushi mbao mbichi. Kama mbao mbili hazigusani kwa kusukumwa na mikono, rudi kwenye randa. Ukilifunga pengo kwa nguvu za chuma, mbao itapigania kurudi ilikotoka kila siku ya maisha yake, na siku moja itashinda. Ndiyo maana kazi yote ifungwe kwanza bila gundi, klampu zote zikiwa zimepimwa na kuwekwa karibu. Gundi nyeupe inakupa dakika tano hadi kumi tu, na katika joto la Dar es Salaam la Februari ni pungufu. Baada ya kukaza, pima fremu kutoka pembe hadi pembe. Vipimo vya mshazari vikitofautiana, sogeza klampu kidogo kuelekea ule mrefu mpaka vilingane. Weka karatasi ya nailoni chini ya reli. Chuma, majimaji ya gundi na mbao yenye tanini nyingi, mkaratusi mmojawapo, vikikutana vinaacha doa jeusi linalozama.

Muda nao unaamua idadi. Mahali pa joto, kiungo kinaweza kutolewa kwenye klampu baada ya nusu saa hadi saa moja, ingawa kisitwishwe mzigo mpaka saa 24 zipite. Njombe, Makete au Mufindi mwezi Juni mambo ni mengine. Gundi hizi nyingi hazitaki baridi iliyo chini ya nyuzi 10, zinageuka unga mweupe usioshika kitu. Huko, kazi ifungwe mchana, ilazwe ndani penye joto, na ibaki imebanwa mpaka kesho yake. Maana yake klampu zinalala na kazi moja usiku kucha, na fundi wa nyanda za juu anahitaji karibu mara mbili ya zile za mwenzake wa pwani kwa mapato yaleyale.

Kwa karakana ya watu wawili watatu, ningeanza na vichwa vya bomba jozi nne, kisha klampu nne za F za sentimita 60, kisha G mbili. Faida ya kitanda cha kwanza na meza ya kwanza iongeze jozi mbilimbili za bomba, mpaka zifike nane. Karakana zilizopakana zinaweza kuzinunua kwa mchango na kuazimana kwa zamu, mradi kila mmoja aandike alama yake kwenye reli na azirudishe zikiwa zimekwanguliwa gundi.