Limau, Rangi na Maji: Kinywaji cha Watoto Unachoweza Kutengeneza Nyumbani

Leo tuna somo lenye ladha. Tafuta kalamu na karatasi, kwa maana kuna vipimo vya kuandika.

Watoto wakitoka shule hapa Kambi Muru, au kule Makina, au kule Kawangware, utawaona wamesongamana mbele ya duka na sarafu mkononi. Wanataka kitu chenye rangi. Mtoto hununua kwa macho. Hasemi, "Nipe ya pasheni." Anasema, "Nipe ile nyekundu." Ukisoma nyuma ya pakiti ya unga wa kukoroga, mara nyingi utakuta sukari, tindikali ya kuleta uchachu, ladha ya kiwandani na rangi. Tunda lenyewe limechorwa tu nje.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi ya watoto waliokunywa mchanganyiko wa rangi fulani za kutengenezwa, pamoja na dawa ya kuhifadhi chakula, walizidi kutotulia. Tangu Julai 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zimetaka vyakula vyenye rangi hizo sita viandikwe onyo. Mama, sisemi pakiti moja itamdhuru mwanao. Nasema tu kwamba rangi ile haimpi chochote, na nyekundu nzuri zaidi ya hiyo iko kwa mama mboga.

(Muziki kidogo)

Lakini kabla ya rangi, maji. Hapa sitaharakisha, kwa sababu ndipo mtoto anapougulia.

Unajua maji yetu yanavyofika. Mabomba mengi ya plastiki hupita katikati ya mitaro. Maji yanapokatika, bomba hubaki tupu, na penye ufa maji ya mtaro hunyonywa ndani. Yanaporudi, yale ya kwanza ndiyo yenye uchafu zaidi, basi usiyachote kwa kunywa. Kawangware wako pia wanaochota visima vifupi, na kisima kifupi kikiwa karibu na choo, hata maji meupe kabisa si ya kuaminiwa. Kipindupindu kiliingia Nairobi mwaka 2015 na tena 2017, na hakikuchagua mtaa.

Sasa, swali ambalo akina mama huniuliza kila mara: "Si limau huua wadudu? Nikilikamua kwenye maji, si yamekuwa salama?"

Hapana, mama. Lina nguvu kidogo, ila halitoshi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walijaribu kuweka maji ya ndimu kwenye chupa za maji zilizoanikwa juani. Ndimu na jua kwa pamoja vilipunguza bakteria wa kinyesi haraka, kwa muda wa nusu saa. Lakini virusi vidogo, vya aina inayoleta kuhara, havikupungua hivyo. Kwa hiyo limau ni la ladha na vitamini. Kazi ya kusafisha maji tuachie njia tatu zifuatazo.

Kuchemsha ndiyo njia ya kwanza. Yaache maji yatokote kwa nguvu, yale mapovu makubwa, kwa dakika moja kamili. Yaache yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa. Usiyamimine kwenye ndoo iliyokuwa na maji mabichi.

Ya pili ni dawa ya klorini, ya maji au ya vidonge. Kipimo fuata kile kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, kisha subiri nusu saa. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: usitie limau kabla ya nusu saa hiyo kwisha. Vitamini C iliyomo kwenye limau huivunja nguvu klorini. Ukivichanganya kwa pamoja, dawa inakufa kabla haijaua wadudu, nawe unabaki ukidhani maji ni salama. Klorini kwanza, nusu saa, ndipo limau. Ukifuata mpangilio huo utaona hata ile harufu ya dawa ambayo watoto huikataa imetoweka. Hiyo ni vitamini ikifanya kazi yake. Ila kumbuka kwamba kinga nayo imeondoka, kwa hiyo mkono mchafu ukiingia kwenye jagi, hakuna tena dawa ya kupambana nao.

Njia ya tatu ni jua. Miaka ya 2000 shirika la KWAHO lilifundisha njia hii hapa Kibera, na wengine wenu mnakumbuka chupa zilizolala juu ya mabati. Chupa iwe ya plastiki isiyo na rangi, ya lita 1 hadi 2, isiyochubuka sana, na isiwe iliyowahi kutiwa mafuta ya taa. Maji yawe maangavu. Simamisha chupa juu ya gazeti na uchungulie kutoka mdomoni. Usipoweza kusoma herufi kubwa za kichwa cha habari, maji yana vumbi mno. Iache kwenye jua saa sita nzima. Kukiwa na mawingu, siku mbili mfululizo. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, Nairobi ikijifunika shuka la mawingu, usihesabu saa sita tu. Na siku za mvua ya kutwa njia hii haifanyi kazi, rudi kwenye jiko au klorini.

(Muziki kidogo)

Sasa andika. Mahitaji ni bitiruti moja ya ukubwa wa ngumi, malimau 2 makubwa au ndimu 4, sukari vijiko vikubwa 6 vilivyosawazishwa, na lita moja ya maji salama yaliyopoa.

Nawa mikono kwa sabuni. Osha malimau na bitiruti kwa maji salama kabla ya kukata, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani ya tunda. Menya bitiruti, ikate vipande vyembamba, uichemshe kwa vikombe viwili vya maji mpaka kibaki kama kikombe kimoja chekundu sana. Chuja. Ile bitiruti iliyobaki usiitupe, ikatie kwenye kachumbari. Rudisha maji mekundu jikoni, weka ile sukari vijiko sita, koroga mpaka iyeyuke na kutokota, kisha epua. Hii ndiyo sharubati yetu ya rangi. Iache ipoe.

Malimau yaviringishe mezani kwa kiganja huku ukikandamiza kidogo, utapata maji mengi zaidi. Kata, kamua, chuja mbegu. Usilikamue ganda mpaka tone la mwisho. Ule weupe wa ndani huleta uchungu. Tia maji ya limau kwenye lita yako ya maji yaliyopoa. Nasema yaliyopoa kwa sababu moto hupunguza vitamini C. Tumia jagi la plastiki au la kioo. Sufuria ya aluminiamu haifai kwa limau, tindikali huila.

Sasa waite watoto waone. Chukua gilasi ya kuonyesha. Mimina vijiko vikubwa viwili vya sharubati nyekundu chini. Kisha shika kijiko juu yake na umimine maji ya limau polepole juu ya kijiko, yateremke taratibu. Nyekundu itakaa chini, juu patabaki pang'avu, na katikati patakuwa na waridi kama mbingu ya asubuhi. Sababu ni sukari: imeifanya sharubati kuwa nzito, basi inazama. Mtoto wa darasa la pili anaweza kulielewa hilo, na atamsimulia mwalimu.

Kuna sababu nyingine ya kutenganisha sharubati na limau. Kwa vipimo nilivyokupa, kijiko kikubwa kimoja cha sharubati kina takriban kijiko kimoja kidogo cha sukari. Gilasi ya vijiko viwili ina sukari ya vijiko vidogo viwili. Soda ya chupa ya mililita 300 ina karibu vijiko 8. Hivyo sukari unaipima wewe mwenyewe, gilasi kwa gilasi, badala ya kiwanda kukupimia. Watoto wakizoea, shuka hadi kijiko kimoja na nusu. Hawatakuuliza, maana rangi bado ipo.

Ukitaka rangi nyingine, fuata msimu. Pasheni huleta manjano: kwangua nyama yake, chuja mbegu, changanya na sukari iliyoyeyushwa kwa maji kidogo. Matunda damu yana wekundu wa kutu na uchachu wake mwenyewe, kwa hiyo punguza limau. Maembe yakiwa mengi, ponda moja. Tikitimaji linapendwa, lakini nunua zima ukakatie nyumbani. Kipande kilichokaa kwenye kibanda chenye nzi kimeshapita mikono mingi. Baada ya bitiruti mtoto anaweza kukojoa mkojo wa waridi, na choo pia kikawa chekundu. Usitoke mbio, ni rangi tu. Lakini kama hakula wala hakunywa bitiruti na unaona wekundu, huo ni wa kupelekwa kliniki.

Bila friji, tengeneza kinachotosha siku hiyo hiyo. Funika jagi. Mimina, usichote kwa kikombe. Kilichobaki hadi kesho asubuhi kimwage, hata kama moyo unauma.

(Muziki kidogo)

Nani asipewe? Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chochote ila maziwa ya mama. Hata maji hapewi, sembuse limau, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya. Kuanzia miezi sita anaanza kula, lakini Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2023 linashauri vinywaji vyenye sukari visitumiwe kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Kinywaji hiki basi ni cha waliofikisha miaka miwili. Na wewe unayefikiria kuweka asali badala ya sukari, asali ni marufuku kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kulegeza misuli.

Mpe pamoja na chakula, si kubeba chupa kutwa nzima akinyonya kidogo kidogo. Limau na sukari vikikaa kwenye meno siku nzima hula meno. Na kuna faida kubwa ya kumpa wakati wa chakula. Maharagwe, ndengu, sukuma wiki na mchicha vina madini ya chuma yanayoongeza damu, lakini mwili huyachukua kwa shida. Vitamini C ikiwa kwenye mlo huo huo, chuma huingia kwa wingi zaidi. Chai hufanya kinyume chake. Sisi tumezoea githeri na chai. Jaribu githeri na limau, na chai isubiri saa moja au mbili baadaye. Wewe mjamzito, hili linakuhusu pia.

Jambo la mwisho, na tafadhali mwambie jirani. Mtoto akiharisha, usimpe kinywaji hiki ukidhani kinarudisha maji mwilini. Hakina chumvi inayotakiwa, na sukari ikizidi huvuta maji tumboni na kuzidisha kuhara. Mpe ORS. Soma pakiti yake, kwa kuwa nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Ukikosea maji umeharibu dawa. Usiongeze sukari wala limau ndani yake. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, na uulize zahanati vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Macho yakibonyea, akilia bila machozi, ukifinya ngozi ya tumbo na inarudi polepole, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kuwa na damu kwenye choo, usisubiri kupambazuke. Akitoka choo cheupe kama maji ya mchele, tena kwa wingi, nenda saa hiyo hiyo huku ukimnywesha ORS njiani.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaendelea na zile chupa za soda tunazowekea mafuta ya taa, na watoto wanaozinywa wakidhani ni maji. Ukiwa na swali, mtumie mhudumu wa afya wa mtaa wako akuletee hapa studioni. Kwaheri kwa sasa, na uchangamshe hilo jiko.