Weusi wa Zambarau

Mwenye kula zambarau hawezi kukificha alichokula, kwa kuwa ulimi wake, midomo yake na, akiwa ni mtoto, kanzu yake nzima, humtolea ushahidi kabla hata hajaulizwa. Nayo rangi hiyo, iliyoiva mpaka ikakaribia weusi, ni ya ukoo ambao Mjerumani Ludwig Clamor Marquart aliupa mwaka 1835 jina la anthosianini, ukoo ulioenea katika ganda la bilinganya, katika mchele mweusi, katika kabichi ya zambarau, na katika ile chai ya zambarau ambayo watafiti wa Kericho waliwakabidhi wakulima mwaka 2011. Bitiruti, ijapokuwa wengi huidhania kuwa ni ndugu yao, haimo: wekundu wake ni wa betalaini, na katika maumbile rangi hizo mbili hazijapata kuonekana zikikaa katika mmea mmoja.

Ajabu ya anthosianini ni kugeuka. Kamua zambarau, uyagawe maji yake vikombe viwili, kimoja ukitie ndimu na cha pili magadi. Cha kwanza kitawaka wekundu, na cha pili kitaelekea ubuluu, pengine hata ukijani, kwani umbo la rangi yenyewe hubadilika kwa kadiri ya uchachu uliopo. Robert Boyle wa Uingereza aliyaeleza mageuzi ya namna hiyo kitabuni mwaka 1664, naye alitumia sharubati ya maua. Aidha, rangi hizi huyeyukia majini na kudhoofishwa na moto mrefu; tena, kwa kuwa za bilinganya zimo gandani, mpishi amenyaye bilinganya huwa amekwisha kuitupa jaani rangi yote kabla ya kubandika sufuria.

Mmea huzitengeneza kwa haja zake: kujikinga na jua kali, na kuwaita ndege wazitawanye mbegu. Ama siha yetu, ni kweli kwamba ndani ya chupa ya maabara huzuia uharibifu uletwao na oksijeni. Lakini mwili hupokea kiasi kidogo tu, na sehemu kubwa huvunjwavunjwa na bakteria wa matumboni. Ndiyo sababu Wizara ya Kilimo ya Marekani, mwaka 2012, iliiondoa orodha yake ya vipimo vya nguvu hiyo ya kuzuia uharibifu, baada ya wafanyabiashara kuzifanya tarakimu zake kuwa mtaji wa kuuzia vidonge. Mimi fedha yangu ningempa muuza zambarau. Na habari ya kokwa zake, zisagwazo tangu zamani huko Uhindini kwa ajili ya kisukari, ni ya kuulizwa kwa tabibu, hasa na yule ambaye tayari anameza dawa za hospitali.