Kipanya Kisicho na Mkia

Someni polepole, na neno likiwa gumu mwulizeni mwalimu wenu.

Katika somo lililopita tulijifunza kukishika kipanya cha kompyuta. Wengi wenu mlikishika kama mtu ashikavyo yai bichi. Si kitu, mkono utazoea. Leo tunazungumza juu ya kipanya kile kisicho na waya, na juu ya udhia wake mkubwa, yaani betri. Jana kilikuwa kizima. Leo unakisukuma huku na huku, na mshale kwenye kioo cha kompyuta hausogei hata kidogo. Tena hupenda kufanya hivyo siku ile unapokihitaji sana.

Sikiliza habari ya mama mmoja ninayemfahamu. Alianza kusoma akiwa mtu mzima, akaendelea mpaka akaweza kuweka hesabu, na wenzake wakamchagua kuwa mweka hazina wa chama chao cha kuweka na kukopa. Siku ya kugawana faida, wanachama walikuwa wamekaa nje chini ya mwembe wakingoja. Yeye yumo ndani, anamalizia hesabu kwenye kompyuta. Mara kipanya kikakoma. Akakigonga mezani, wapi! Kijana mmoja akasema, "Mashine imekufa," akachomoa waya wa umeme ukutani ili aiwashe upya. Hesabu za asubuhi nzima zilikuwa hazijahifadhiwa, zikapotea zote. Huko nje maneno yakaanza: "Tulisema sisi. Fedha zetu zimeliwa, sasa anasingizia mashine."

Fedha hazikuliwa. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokwisha ni betri moja tu, iliyo ndogo kuliko kidole gumba. Lakini mama yule alilala siku ile akiwa na jina baya, na ilimchukua siku mbili kuziandika hesabu tena na kuwaonyesha wanachama shilingi kwa shilingi.

Basi tuulize: kwa nini kipanya kina betri?

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa Marekani katika mwaka 1964. Aliyekibuni ni Bwana Douglas Engelbart, na aliyekiunda kwa mikono ni mwenzake, Bwana Bill English, huko California. Kilikuwa kijisanduku cha mbao, chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Waya ulitoka ndani yake kama mkia, watu wakakiita panya, na jina hilo limebaki hata leo.

Mkia ule ulikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupeleka habari kwa kompyuta: mkono umekwenda kulia, kidole kimebonyeza, na kadhalika. Kazi ya pili ni kuleta chakula, yaani umeme. Mpaka sasa kipanya chenye waya hula katika sahani moja na kompyuta, na ndiyo sababu hakihitaji betri. Baadaye watu wakaukata mkia, ili meza isijae waya. Habari zikapata njia nyingine, kwa kuwa kipanya sasa hutangaza kwa redio. Naam, mawimbi ya redio, jamaa ya hayo yanayokuletea sauti yangu. Ndani ya kipanya mna kituo kidogo sana cha kutangaza, na kile kijidude unachokichomeka ubavuni mwa kompyuta ndicho kinachopokea. Lakini chakula hakikupata njia nyingine. Ilibidi kipanya kibebe posho yake tumboni, na posho hiyo ndiyo betri.

Sasa umeme huo unakwenda wapi? Kigeuze kipanya chako ulitazame tumbo lake. Utaona tundu dogo. Katika vipanya vingi tundu hilo hutoa mwanga mwekundu, na katika vingine mwanga usioonekana kwa macho. Usiuangalie kwa muda mrefu. Nyuma ya tundu kuna kijicho, yaani kamera ndogo mno. Kijicho hicho huipiga meza picha, zaidi ya elfu moja katika sekunde moja, kisha picha hizo hulinganishwa ili ijulikane kipanya kimesogea upande gani. Fikiri kazi hiyo! Taa, kamera na kituo cha redio, vyote vinakula katika betri moja. Watu hulalamika kwamba betri inakwisha. Mimi nashangaa kwamba inadumu miezi.

Inadumu kwa sababu kipanya kinajua kulala. Usipokigusa kwa muda, kinapunguza kazi, na taa yake hufifia au kuzima. Ukikigusa kinaamka. Lakini ukikitia mkobani ukaondoka nacho, kila hatua unayokwenda inakiamsha, nacho kinakula bure njia nzima. Kwa hiyo kuna swichi ndogo tumboni. Izime kila unapofunga kazi. Nimeona watu waliotumia kipanya miaka miwili bila kujua kwamba kina swichi.

Meza nayo ina neno lake. Juu ya kioo kinachong'aa kijicho hakioni vizuri. Juu ya kitambaa cheusi, vipanya vingi huongeza mwanga ili vione, na betri huenda haraka. Karatasi nyeupe ya kawaida iliyowekwa chini yake yatosha.

Sasa twende dukani, na hapa ndipo kujua kusoma kunapookoa fedha. Fungua kijumba cha betri kwanza, usome. Vipanya vingi hutumia betri zilizoandikwa AA, ambazo wengine huziita mawe ya tochi ndogo. Vingine hutumia AAA, ambazo ni nyembamba zaidi. Usikisie kwa macho, andika herufi hizo katika daftari. Dukani utakuta betri za namna mbili, na zote zimeandikwa volti 1.5. Zile za bei rahisi ni za zinki na kaboni. Nyingine zimeandikwa Alkaline, na bei yake imezidi. Mtu huziona namba zile zile, akasema, "Hizi ni sawa, ya nini nitoe zaidi?"

Si sawa. Volti ni kama nguvu ya kusukuma maji katika bomba. Haikuambii pipa lina maji kiasi gani. Betri ya Alkaline ina akiba kubwa kuliko ile nyingine. Tena betri ya bei rahisi ina kasoro ya maumbile. Kopo lake la ndani ni la zinki, na zinki hiyo hiyo ndiyo inayoliwa ili kuleta umeme. Kadiri unavyoitumia, ndivyo kopo linavyokuwa jembamba, mpaka linatoboka na kuvuja ndani ya kipanya chako. Kwa saa ya ukutani betri hiyo yafaa, maana saa hula kidogo sana. Kwa kipanya cha kazi ya kila siku, nunua ile nyingine.

Ziko pia betri za kuchaji. Zenyewe huandikwa volti 1.2, na ukizitia, kompyuta huenda ikakuambia mapema kwamba betri imepungua. Usishtuke. Zinaweza kuchajiwa mara mamia, basi kwa ofisi yenye vipanya vitano au sita fedha yake hurudi. Lakini usijaribu kamwe kuchaji betri isiyoandikwa kwamba ni ya kuchaji. Inaweza kupasuka.

Najua wako wazee watakaosema, "Sisi betri zikiisha tunazianika juani, au tunaziuma kwa meno, zinapata nguvu tena." Ni kweli, hupata nguvu kidogo. Joto huichangamsha dawa iliyomo ndani, na meno huisogeza dawa hiyo karibu na mahali pake. Lakini nguvu hiyo ni ya kumalizia taarifa ya habari tu, na gharama yake ni betri kuvuja. Katika tochi utapangusa. Katika kipanya, maji yale hula vyuma vyembamba, na kitu kizima kinatupwa kwa ajili ya betri moja. Sikuwekei lawama, mzee wangu, hata mimi nimeziuma. Ila kinywa si mahali pa dawa ile.

Ukikuta unga mweupe ndani ya kijumba, usiupulize wala usiuguse kwa vidole vitupu. Toa betri kwa kitambaa. Kama betri ni ya Alkaline, chovya pamba katika siki kidogo, pangusa vyuma na springi, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu na uache pakauke kabisa kabla ya kutia betri mpya. Mara nyingi kipanya kilichosemwa kimekufa hufufuka kwa kazi hiyo ya dakika kumi. Na kama utakiweka kipanya miezi bila kukitumia, toa betri zake uziweke kando.

Ukitia betri mpya, angalia alama. Upande wa chuchu una alama ya kujumlisha. Upande ulio bapa una alama ya kutoa, nao mara nyingi hugusa springi. Kama ni betri mbili, zibadilishe zote mbili pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile kuukuu huchoka kabisa kisha huvuja.

Lakini si kila mara kosa ni la betri. Ikiwa mshale unarukaruka, na betri ni mpya, tazama kile kijidude cha kupokea kimechomekwa wapi. Kikiwa nyuma ya kompyuta, chini ya meza, bati la kompyuta huzuia mawimbi, kama redio yako inavyokoroma ndani ya nyumba ya bati. Kihamishe mbele, karibu na kipanya.

Turudi kwa mama yule. Angeweza kufanya nini saa ile, watu wanangoja nje, na duka liko mbali? Angeweza kuacha kipanya na kutumia kibodi, yaani kile kibao cha herufi. Shikilia kitufe kilichoandikwa Ctrl, ukikishikilia bonyeza herufi S mara moja, halafu viache vyote. Kompyuta itahifadhi kazi yako, na kama ni kazi mpya itakuomba jina. Andika jina, bonyeza Enter. Ukiisha kufanya hivyo, hata mtu akichomoa waya ukutani, hesabu zipo. Kitufe kilichoandikwa Tab hukupeleka kutoka nafasi moja hadi nyingine katika fomu, na vitufe vyenye mishale hukupeleka juu, chini, kulia na kushoto. Utakwenda polepole, lakini utafika.

Nami nitasema maoni yangu waziwazi, hata kama wauzaji hawatafurahi. Kompyuta ikiwa inakaa juu ya meza ile ile mwaka mzima, kipanya chenye mkia ndicho bora. Bei yake kwa kawaida ni ndogo, hakiombi betri, na hakipotezi kijidude. Kisicho na waya kinafaa kwa mtu anayesafiri na kompyuta yake, au anayefundisha amesimama mbali na mashine. Wengine hununua kwa ajili ya urembo tu, kisha kila baada ya miezi michache hutafuta betri kama mtu anayetafuta mbuzi aliyekatika kamba.

Mama yule bado ni mweka hazina. Kipanya chake ni kile kile, hakukitupa. Ila katika mtoto wa meza yake mna betri mbili mpya ambazo hazijafunguliwa, na kipanya cha waya alichopewa na jirani. Tena amebandika kipande cha karatasi tumboni mwa kipanya, ameandika tarehe aliyotia betri. Sasa anajua kwamba betri yake hudumu muda gani, na huibadilisha kabla ya siku ya kugawana.

Kazi ya nyumbani: tafuta kitu chochote chenye betri, tochi, redio au saa. Kifungue, uandike katika daftari herufi na namba zote unazoziona juu ya betri, pamoja na tarehe iliyopigwa chapa, kama ipo. Katika somo lijalo tutazisoma pamoja. Kwaherini.