Jahazi la Taka na Maneno ya Mafundi wa Lamu

Katika mwezi wa Septemba, mwaka 2018, liliteremshwa majini huko Lamu jahazi dogo la urefu upatao mita 9, ambalo mkuku wake, mataruma yake na mbao za ubavuni mwake hazikutokana na mti wo wote. Liliundwa kwa plastiki iliyookotwa pwani na mijini, tani 10 hivi, ikasagwa, ikayeyushwa, na kufinyangwa kuwa vipande virefu. Kisha likavikwa nje ndara zipatazo 30,000 za kila rangi. Wazo lilikuwa la Ben Morison. Mkono ulioliunda ulikuwa wa Ali Skanda, fundi wa majahazi na mchongaji wa Lamu, ambaye mwaka 2014 alionyesha ufundi wake Washington, Marekani, katika tamasha la Smithsonian.

Jahazi hilo huitwa Flipflopi, yaani jina la Kiingereza la ndara lililotiwa irabu mwishoni ili lipate kutamkika. Msomaji aweza kustaajabu kuwa jina limekopwa, ilhali Waswahili wana ndara, kandambili, malapa na patipati. Lakini hilo si neno.

Kilicho kikubwa ni jinsi ya kufundisha. Tangu tarehe za mwisho za Januari hata mwanzo wa Februari 2019 chombo hiki kilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, kikitia nanga mahali pengi njiani; na mwaka 2021 kikatembezwa katika Ziwa Victoria. Mtoto aelezwaye darasani kwamba plastiki haiozi husikia tu, bali yule aonaye ndara kama yake mwenyewe imepigiliwa ubavuni mwa jahazi hahitaji kuelezwa mara mbili. Tena huona kwamba kitu kilichotupwa chaweza kuchongwa, kuungwa na kusafiria.

Kwetu sisi tushughulikao na lugha liko jambo la pili. Elimu ya kuunda vyombo haimo vitabuni. Mwana huipata kwa kushinda bandani na baba au mjomba, akimpa tezo na keekee, na maneno huyapata humo humo. Mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi na kutwekwa tanga la mkeka, ulitoweka katika karne ya 20, na msamiati wake mwingi leo wajulikana na wachache. Siku hizi miti mizuri ya kuundia ni adimu na ya ghali, na boti za kiwandani zimeenea. Banda likifungwa, mtoto atayasikia wapi maneno yale?

Je, kipande cha plastiki kilichochongwa kwa tezo kiitwe ubao? Mimi naona ndiyo. Taruma haliitwi taruma kwa sababu ni la mti, bali kwa sababu ya mahali pake na kazi yake. Na ndivyo ilivyo mkuku, omo na tezi. Majina ya namna hii yaweza kuhamia katika plastiki bila ya kudhurika, na mtoto aliyeyajifunza katika jahazi la taka atayatambua katika jahazi la mti.

Lakini yako maneno mengine yaliyofungamana na mti wenyewe. Sifa hupakwa ili ubao usikauke na kupasuka. Deheni hupakwa chini ili maji na wadudu wa baharini wasiingie. Plastiki hainywi maji wala hailiwi na wadudu hao. Kwa hiyo maneno haya hayana pa kukaa katika chombo kipya, hata kiwe kizuri namna gani. Na anayekwenda Lamu na daftari lake ingefaa aanze kuandika hayo kwanza, wakati mafundi wa mti wangali wakiyatumia, na mkuku na mataruma yafuate baadaye.